Mto ukibadilika: dalili, visababishi na hatua za kuchukua

Malalamiko yanayonifikia kuhusu mito hufanana mno. Samaki wameelea. Povu limejaa kwenye maporomoko. Maji yamekuwa ya kijani. Mawe yameshika rangi ya kutu. Na karibu kila anayelalamika huwa ameshapata wa kumlaumu kabla hajashuka ukingoni. Mara nyingine anampata kweli mkosaji, lakini mara nyingi anakosea, na wakati anagombana na asiyehusika, maji yaliyobeba ushahidi yanakwenda zake.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili. Chini ya kila moja nimeanza na kisababishi kinachotokea mara nyingi, nikashuka hadi cha nadra. Vipimo vya macho, pua na kijiti vinatangulia vya maabara.

Kabla ya yote: juu, chini na saa

Tafuta mahali dalili inapoonekana, kisha panda kufuata mto mpaka ufike pasipo na dalili. Katikati hapo kuna kitu kimeingia: bomba, mtaro, kijito, mfereji wa shamba, dampo. Kila penye makutano pima mara tatu, yaani mto juu ya makutano, kijito chenyewe, na mto chini yake. Ule upande wa chini usiupime papo hapo. Maji ya mikondo miwili huweza kwenda bega kwa bega umbali mrefu bila kuchanganyika, na ukisimama ukingo usio sahihi utapima maji ya mkondo mmoja tu ukadhani ndiyo mto wote.

Halafu saa. Pima mita 20 ukingoni, tupa kijiti katikati ya mkondo, hesabu sekunde. Tuseme kimechukua sekunde 40: ni nusu mita kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kwa 0.85, utapata kama kilomita moja na nusu kwa saa. Basi ikiwa samaki walianza kufa hapo ulipo saa 12 asubuhi, maji yaliyowaua yalikuwa kama kilomita 12 juu saa 4 usiku. Swali lako sasa limekuwa dogo: nani alifungulia nini usiku, umbali huo au karibu zaidi? Hesabu hii ya kijiti imenisaidia kuliko mashine yoyote niliyowahi kubeba.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: karatasi za kupimia pH (kiwango cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni besi), kipimajoto, na kipimo kidogo cha mkononi kinachoonyesha maji yanapitisha umeme kiasi gani. Hicho cha mwisho hakitaji jina la kemikali, lakini hupanda mara chumvi zinapoongezeka majini. Kikiruka ghafla hadi mara mbili ya kilichosoma awali ndani ya mita 100, umefika kwenye mdomo wa kitu.

Dalili ya 1: Samaki wanaelea au wanahema juu ya maji

Angalia kwanza nani amekufa, kisha uulize alikufa saa ngapi.

*Kukosa oksijeni.* Hiki ndicho kisababishi kinachoongoza. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Ikishuka chini ya 5, samaki wengi hutaabika, na chini ya 2 wengi hufa. Majitaka, damu ya machinjioni, samadi na mabaki ya viwanda vya vyakula huliwa na bakteria, na bakteria hao hutumia oksijeni iliyokuwa ya samaki. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu hufanya hivyohivyo, kwa kuwa inafagia uchafu wa miezi yote kwa siku moja.

Alama zake: vifo vinatokea alfajiri, samaki wakubwa hutangulia, midomo imebaki wazi, na kambale, anayeweza kuvuta hewa ya juu, bado anaogelea. Pima oksijeni kabla jua halijachomoza. Ukipima saa 9 alasiri, mwani utakuwa umeshayajaza maji oksijeni na kipimo kitakuambia mto ni mzima. Nimeona ripoti nzima ikijengwa juu ya vipimo vya alasiri peke yake, na waliokuwa wakiokota samaki kila asubuhi wakaambiwa hakuna tatizo.

*Amonia.* Hutoka kwenye majitaka, mifugo na mbolea. Ubaya wake hutegemea pH. Katika maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo iko katika umbo linaloua samaki. pH ikifika 9 ni zaidi ya theluthi moja. Ndiyo maana kumwaga chokaa mtoni "kuusafisha" baada ya vifo ni kosa kubwa: unapandisha pH na kuigeuza amonia iliyokuwa imetulia kuwa sumu.

*Viuatilifu.* Dawa za kuua wadudu huanza na jamaa za wadudu, kwa hiyo kamba, kaa na wadudu wa majini hufa kabla ya samaki au pamoja nao. Samaki huzunguka kama waliolewa, wengine hupinda mgongo. Uliza kama mvua ilinyesha baada ya kupulizia dawa, kama kuna anayeoshea bomba la dawa mtoni, na kama kuna wanaovua kwa sumu. Ukiona samaki wengi wamekufa lakini kamba na kaa wazima, dawa za wadudu zishushe chini kwenye orodha yako.

*Tindikali, sianidi na metali.* Ni nadra kuliko hayo, ila zikitokea hazibakishi kitu. Tarehe 30 Januari 2000 ukuta wa bwawa la topesumu (tope la mabaki ya uchimbaji lenye kemikali) la mgodi wa dhahabu ulipasuka Baia Mare, Romania, na takriban mita za ujazo 100,000 za maji yenye sianidi na metali zikaingia kwenye vijito vinavyokwenda mto Tisza, kisha Danube. Hungaria peke yake ilikadiria zaidi ya tani 1,000 za samaki waliokufa. Sianidi huyafanya mashavu ya samaki, yaani matamvua, yawe mekundu kupita kawaida, na kwenye jua huvunjika mapema. Sampuli ya kesho kutwa inaweza isionyeshe chochote.

Simama hapa, ita wataalamu: samaki wa ukubwa wote wamekufa ndani ya saa chache, ndege, mifugo au mbwa nao wameanguka, kuna harufu kali ya dawa au ya klorini, au macho na koo vinawasha. Usiingie majini, usishike chochote bila glavu, watoe watoto na mifugo. Toeni taarifa kwanza kwa wanaosukuma maji ya kunywa walio chini ya mto, ndipo mwite wengine wote. Samaki hao hawaliwi, hawauzwi, na hawapewi wanyama.

Dalili ya 2: Povu

Povu lina sifa mbaya kuliko inavyostahili. Lililo jingi ni la asili: majani yakioza hutoa vitu vinavyolegeza uso wa maji, na maporomoko huyapiga mpaka yakatoa povu. Hilo huwa na rangi ya maziwa machafu au kahawia, hunuka udongo au samaki, na hukusanyika kwenye kona za mto baada ya mvua.

Povu la sabuni ni jeupe, jepesi, lina manukato, na mara nyingi huanzia mahali pamoja panapoonekana. Chota maji kwenye chupa safi ya kioo, funga, tikisa kwa nguvu mara kumi, weka chini. Yakitoa povu linalokaa dakika kadhaa huku maji ya juu zaidi ya mto hayatoi, una sabuni. Na penye sabuni ya nyumba nyingi majitaka hayako mbali, kwa hiyo chukulia kuwa vijidudu vya choo vimo mpaka kipimo kiseme vingine.

Povu lenye rangi, au linalowasha ngozi, ni la kiwandani hadi ithibitike vinginevyo. Piga picha ukiwa mbali, andika saa, ita ofisi ya mazingira.

Dalili ya 3: Utando wenye rangi za upinde wa mvua

Chukua kijiti, piga ule utando. Ukivunjika vipande vipande vyenye pembe, kama kioo chembamba, vikabaki vimeachana, ni kazi ya bakteria wa madini ya chuma. Utawaona zaidi mahali maji yanapochuruzika kutoka ardhini, pakiwa na tope la rangi ya chungwa chini yake, na hawana madhara. Ukizunguka kijiti kisha ukajifunga tena nyuma yake, hayo ni mafuta.

Mafuta mengi hayatoki kwenye ajali kubwa. Hutoka barabarani na kwenye gereji, na mvua ndiyo inayoyashusha. Fuata mitaro. Kama utando upo hata siku kavu, tafuta tangi lililozikwa linalovuja au bomba. Penye dizeli au petroli inayonuka wazi, kaa upande upepo unakotoka, zima sigara na injini, mwache mtu mmoja azuie wengine. Usimwagie sabuni kuyatawanya. Utando utapotea machoni, lakini mafuta yatakuwa yameshuka ndani ya maji walimo samaki.

Dalili ya 4: Maji ya kijani, au utando kama rangi ya kupaka

Tofautisha kwanza. Ingiza kijiti. Kikitoka na nyuzi zinazoning'inia kama nywele, ni mwani wa kawaida: unakera na unamaliza oksijeni usiku, lakini kwa kawaida hauna sumu. Kikitoka kimepakwa kijani kama kilichochovywa kwenye kopo la rangi, huenda ni sianobakteria, yaani bakteria wanaofanana na mwani, ambao baadhi yao hutoa sumu. Hakikisha kwa chupa: jaza robo tatu, iache imetulia usiku kucha mahali penye giza na ubaridi. Asubuhi, mwani mwingi utakuwa umezama. Sianobakteria wengi watakuwa wamepanda na kufanya pete ya kijani juu. Jaribio hili huonya tu. Hakuna kipimo cha nyumbani kinachothibitisha kuwa maji hayana sumu.

Kisababishi ni fosforasi na nitrojeni nyingi kupita kiasi, zikikutana na jua na maji yaliyopunguza mwendo. Katika mito mingi majitaka na mbolea hushindana nafasi ya kwanza, kisha hufuata mazizi. Mara nyingine mwenye mbolea hajaongeza hata gunia moja. Bwawa au uchotaji wa maji huko juu ndio umepunguza mwendo wa mto, na virutubisho vilevile vya kila mwaka vikapata muda wa kuliwa.

La kushika hapa: kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Kuchemsha hupasua seli na kuiachia yote ndani ya sufuria, na dawa ya kuua mwani hufanya vivyo hivyo mtoni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa aina inayojulikana zaidi, maikrosistini-LR, kwa maji yanayonywewa maisha yote. Mbwa na ng'ombe hufa wakinywa utando wa ukingoni. Ukiona utando wa aina hii karibu na mahali pa kuchotea maji ya kunywa, funga mahali hapo na mwite mtaalamu siku hiyohiyo.

Dawa ya kweli ni ya muda mrefu: majitaka yasafishwe, mbolea isiwekwe mvua kubwa ikikaribia, na ukanda wa nyasi na miti uachwe kati ya shamba na maji. Mwaka wa kwanza usikate tamaa. Tope la chini limehifadhi fosforasi ya miaka, na litaendelea kuitoa hata baada ya mitaro kuzibwa.

Dalili ya 5: Mawe yamekuwa ya rangi ya chungwa, maji maangavu ajabu

Pima pH. Mito mingi huwa kati ya 6.5 na 8.5. Ikiwa iko humo, huenda ni chuma cha ardhini kinachokutana na hewa, hakuna la kuogopa sana. Ikiwa iko chini ya 5, fikiria mgodi, hata uliofungwa zamani. Mwamba wenye salfidi (madini yenye salfa), hasa ule unaong'aa kama dhahabu ya uongo, ukichimbuliwa na kukutana na hewa na maji hutengeneza asidi ya salfuriki. Asidi hiyo huyeyusha chuma, shaba, zinki na kadimiamu, na maji yanapochanganyika na mto wenye pH ya juu zaidi, chuma hutuama kwenye mawe. Tope lile la chungwa ndilo linaloonekana. Shaba na zinki zinaendelea na safari zikiwa zimeyeyuka. Mchakato huo ukishaanza huweza kudumu karne nyingi.

Geuza mawe. Kwenye mto mzima utakuta wadudu wachanga wenye mikia mitatu kama nyuzi, na watoto wa kereng'ende kwenye majani ya ukingoni. Chini ya mgodi unaovuja unageuza jiwe la kumi na mikono inatoka na utelezi wa chungwa tu, hakuna kinachokimbia. Usijaribu kutibu maji haya mwenyewe, na usipande juu ya ukuta wa bwawa la topesumu kuchunguza. Ukiona ukuta huo una ufa, unatoa maji chini, au umetuna, ondoka, waonye walio bondeni, kisha piga simu.

Dalili ya 6: Harufu ya mayai viza

Tope lisilo na oksijeni. Fuata majitaka. Angalizo moja linalookoa maisha: gesi inayotoka kwenye tope hilo ikizidi, pua huacha kuinusa. Usiingie kamwe kwenye chemba au karo kwa sababu "harufu imeisha".

Dalili ya 7: Hakuna dalili, lakini watu au mifugo wanaugua

Dalili hii ndiyo inayoninyima usingizi. Maji ni maangavu, hayanuki, samaki wapo. Aseniki, risasi, nitrati na floridi havina rangi wala harufu, na zebaki iliyoyeyuka haionekani.

Mwaka 1965, katika bonde la mto Agano, Niigata, Japani, watu walianza kutambuliwa kuwa na ganzi, kutetemeka na kupungua uoni. Kiwanda kilichotoa zebaki kilikuwa karibu kilomita 60 juu ya mto. Maji yalikuwa yanapita kama kawaida. Zebaki ilikuwa imekusanyika ndani ya samaki, na waliougua ni waliokula samaki wa mto. Katika bonde la mto Jinzu, nchini humohumo, kadimiamu ya mgodi ilipitia mifereji ya umwagiliaji ikaingia kwenye mpunga, na mifupa ya watu, wengi wao akina mama wa makamo na wazee, ikawa laini na kuvunjika. Serikali ililitambua rasmi kuwa ni ugonjwa wa uchafuzi mwaka 1968, miongo mingi baada ya wagonjwa wa kwanza. Ndiyo maana nawaomba wanaochunguza dalili hii wasiishie kwenye maji. Pimeni samaki, tope la chini, na mazao yanayomwagiliwa.

Vinavyopatikana mara nyingi ni nitrati, kutoka kwenye vyoo, mazizi na mbolea. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na walio hatarini zaidi ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo. Mtoto akigeuka rangi ya bluu midomoni, mpeleke hospitali, usingoje majibu ya maji. Baada ya nitrati fikirieni floridi na aseniki, ambazo mara nyingi hutoka kwenye miamba yenyewe bila kosa la mtu. Vikomo ni miligramu 1.5 na 0.01. Kisha risasi, nayo kikomo chake ni 0.01, ambayo huenda iko kwenye mabomba ya nyumbani na haina uhusiano na mto. Chukua sampuli bombani na nyingine mtoni kabla ya kumshtaki mtu.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoondoka kwa kuchemsha. Maji yakipungua kwenye sufuria, kemikali iliyobaki inakolea zaidi. Kitambaa na dawa ya klorini havisaidii pia. Kuhamia chanzo kingine cha maji wakati uchunguzi unaendelea ndiyo hatua ya kwanza, na daktari apime damu, mkojo au nywele kulingana na anachoshuku.

Kuchukua sampuli itakayosimama mbele ya watu

Simama ukiwa umeelekea maji yanakotoka, ili tope unalotibua liende nyuma yako. Zamisha chupa sentimita 20 hadi 30 chini ya uso, mbali na ukingo. Kwa metali tumia chupa safi ya plastiki ya maabara, ambayo watatia asidi kidogo ili metali zisigande ukutani mwake. Kwa viuatilifu na mafuta tumia kioo cheusi au kahawia, na hicho usikisuuze kwa maji ya mto. Galoni iliyowahi kubeba mafuta ya taa itakupa majibu ya mafuta ya taa.

Weka kwenye barafu. Andika hapohapo: mahali, tarehe, saa, hali ya hewa, pH, joto, na jina la aliyechota. Kila anayepokea chupa aandike saa aliyoipokea. Chukua mbili mbili: moja ya maabara, moja ibaki imefungwa kwenye ubaridi kwa atakayebisha. Samaki anayefaa kwa kipimo ni yule anayekufa sasa hivi, matamvua yakiwa bado mekundu. Mfunge kwenye karatasi ya alumini kama unashuku viuatilifu, kwenye mfuko wa plastiki kama unashuku metali.

Ukifika maabara usiseme "pimeni kila kitu". Hakuna maabara inayopima kila kitu, watachagua wao, na huenda wakaiacha ileile uliyoijia. Waeleze ulichokiona kwa mpangilio huu: nani alikufa kwanza, saa ngapi, pH ilikuwa ngapi, na juu ya mto kuna nini. Hapo fundi ataandika mwenyewe majina ya kemikali za kutafuta, na mwambie akuandikie pia kiwango kidogo kabisa ambacho mashine yake inaweza kukiona. Jibu la "haikuonekana" kutoka kwa mashine inayoanzia juu ya kikomo cha afya halijakuambia kitu.